Kurudi wodini kwa mikataba mifupi: mwongozo kwa wauguzi wa Mtwara na Lindi waliokaa nje ya kazi

Muuguzi aliyekaa nje ya wodi miaka mitano au kumi, kwa kulea, kuuguza mzazi, kufanya biashara au kumfuata mwenza, mara nyingi hungoja tangazo la ajira ya kudumu serikalini. Anapongoja, umri unakwenda. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45 kwa kazi za kudumu, na kwenye usaili atakutana na vijana waliotoka chuoni jana. Njia fupi zaidi ni kushika mikataba ya miezi mitatu mitatu kwenye vituo tofauti, kwanza kwa ajili ya mikono yako, kisha kwa ajili ya barua ya utumishi ya karibuni.

Mikataba hiyo huzaliwa na mambo ya kawaida kabisa. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha, na mtu akiondoka kwa siku hizo orodha ya zamu hubaki na tundu. Wengine huenda masomoni. Miradi hufadhili nafasi za muda, na kampeni za chanjo huhitaji watu kwa siku chache. Mkuu wa idara huwa anajua miezi kadhaa mbele nani ataondoka. Kazi yako ni kufika kwake kabla tundu halijafunguka, karatasi zako zikiwa tayari.

Hatua ya 1: Leseni kabla ya barua yoyote

Usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili wako kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania unakutambua kuwa muuguzi. Leseni ndiyo ruhusa ya kumgusa mgonjwa, nayo ina tarehe ya kuisha. Kufanya kazi bila leseni hai ni kosa chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, hata kama ni "kusaidia tu" kwenye zahanati ya jirani.

Ingia kwenye mfumo wa Baraza mtandaoni, fungua au fufua akaunti yako, uangalie hali ya leseni. Kuhuisha kunadai pointi za mafunzo endelevu ya kitaaluma, na hapa ndipo waliokaa nje hukwama: hawana hata moja. Anza kuzikusanya mara moja kwa kozi zinazotambuliwa na Baraza, kisha mwandikie Msajili ukieleza wazi ulitoka kazini mwaka gani na umefanya nini kujiandaa. Usizibe pengo kwa barua ya kituo ambacho hukufanya kazi. Msajili ndiye mwenye kuamua masharti ya kurudi kwako, na barua ya uongo inahatarisha usajili wenyewe.

Wakati leseni inashughulikiwa, anza chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hukuwahi kuimaliza. Dozi ni tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Ukingoja hadi mkataba uanze, utachomwa na sindano wodini ukiwa na dozi moja tu mwilini.

Hatua ya 2: Majina yasome sawa kila mahali

Linaonekana dogo, lakini ndilo linalowatoa wengi, hasa wanawake walioolewa baada ya chuo. Cheti cha kidato cha nne kina jina moja, leseni jina la pili, NIDA jina la tatu. Andaa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na uipate mapema, si siku tano kabla ya usaili. Piga picha au skani ya kila kitu kwenye faili moja: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, cheti cha taaluma, usajili, leseni, namba ya NIDA, TIN, namba ya NSSF au PSSSF ya zamani. Hati ya matokeo ya muda haikubaliwi, hivyo kama hukuwahi kuchukua cheti chenyewe chuoni, kifuate sasa.

Uliyetoka serikalini, kumbuka ulivyotoka. Aliyeacha kwa barua na aliyeondolewa kwa utoro hawako sawa, na wa pili hawezi kurudi utumishi wa umma kimya kimya. Mikataba ya hospitali za mashirika ya dini na binafsi ina mlango mwingine, ila hata huko utaulizwa. Jibu fupi la kweli linatosha.

Hatua ya 3: Chagua kituo kwa kuuliza nani yupo nawe usiku

Tunasisitiza hapa kuliko popote. Wengi huona zahanati ya kijijini kama mahali pepesi pa kuanzia kwa kuwa wagonjwa ni wachache. Ni kinyume. Kwenye zahanati saa nane usiku ni wewe, mlinzi, na mama anayevuja damu. Gari la wagonjwa liko makao makuu ya wilaya. Muuguzi aliyetoka mapumzikoni anahitaji mahali penye wagonjwa wengi na wenzake wengi: mwenyeji wa kumwuliza, daktari wa zamu, maabara na damu.

Kwa mkataba wa kwanza, lenga hospitali. Upande wa Mtwara kuna Ligula, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Masasi ina Mkomaindo, na Ndanda kuna hospitali ya Wabenediktini, Mtakatifu Benedikto. Upande wa Lindi kuna Sokoine mjini, Nyangao kwenye barabara ya Masasi, na Kinyonga kule Kilwa Kivinje. Kila moja ina utaratibu wake wa kuajiri, kwa hiyo uliza kwa katibu wa afya au ofisi ya utumishi ya hospitali yenyewe, wala usimtegemee dalali. Anayeomba hela ili akuunganishe ni tapeli.

Mkataba wa pili unaweza kuwa kituo cha afya chenye upasuaji. Zahanati za pembezoni mwa Liwale au bonde la Ruvuma ziwe za tatu, baada ya leba na watoto kukurudia vidoleni.

Wodi nayo ichague. Wodi ya watoto hurudisha hesabu za dozi haraka kwa sababu kila mgonjwa ana uzito wake. Leba hurudisha kasi. Kliniki ya wajawazito na watoto ni njia nzuri ya kuingilia kwa aliyeogopa, lakini ukikaa humo mkataba mzima hutajipima na mgonjwa mahututi.

Hatua ya 4: Kuomba

Nenda mwenyewe ukiweza, asubuhi baada ya ripoti ya usiku kukabidhiwa, sio wakati wa kugawa dawa. Mtafute muuguzi mfawidhi wa hospitali. Kama ni kwa ujumbe, uwe mfupi:

"Shikamoo Matroni. Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi, stashahada, leseni hai. Nilitoka kazini 2017 kulea familia. Naomba kushika nafasi ya muda wodi ya watoto pale panapotokea likizo ya uzazi au masomo. Naomba wiki mbili za mwanzo nipangwe na mwenyeji, zamu za mchana. Vyeti vyangu vipo kwenye faili moja, naweza kuvileta siku utakayoniambia."

Sentensi ya kuomba mwenyeji haikupunguzii heshima. Matroni anayeijua kazi atakuamini zaidi kuliko yule anayesema anaweza kila kitu.

Sambamba na hayo, fungua akaunti kwenye Ajira Portal na ujaze wasifu wote, na ufuatilie matangazo ya mikataba ya taasisi kama Benjamin Mkapa Foundation, ambayo huajiri watumishi wa afya kwa ajili ya vituo vyenye upungufu. (Mzee Mkapa mwenyewe alikuwa mtu wa Lupaso, Masasi.) Ukipewa nafasi ya kujitolea kwa posho, ikubali kwa muda uliotajwa kwa maandishi tu. Kujitolea kusiko na tarehe ya mwisho huwa ajira isiyo na mshahara.

Hatua ya 5: Soma mkataba kama mtu atakayesafiri

Kwa mwajiri binafsi au shirika, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ndiyo ya kushika. Mambo haya yahakikishe kabla ya kusaini.

Mahali ulipoajiriwa. Ukiajiriwa ukiwa Lindi mjini na kupelekwa Liwale, mkataba useme umeajiriwa Lindi. Mkataba ukiisha, mwajiri anawajibika kukurudisha na mizigo yako, au kukulipia usafiri, hadi mahali hapo, na kukulipa ya kujikimu kwa siku anazokuchelewesha. Ikiandikwa kwamba uliajiriwa Liwale, nauli ya kurudi ni yako.

Saa. Kawaida ni saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zamu za saa 12 zinaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini siku haziwezi kuzidi tano kwa wiki. Nje ya makubaliano hayo, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na haziwezi kuzidi 50 ndani ya wiki nne. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ni kiasi kidogo, lakini kwenye orodha iliyojaa usiku kinaonekana.

Likizo na ugonjwa. Mwenye utumishi usiofika miezi sita hana haki ya kisheria ya likizo yenye malipo, na hilo linajumuisha likizo ya ugonjwa. Kwa mkataba wa miezi mitatu maana yake ukiugua malaria wiki moja unaweza kukatwa wiki moja. Omba siku za ugonjwa ziandikwe kwenye mkataba wenyewe.

Hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Mwezi wa pili, angalia mwenyewe kama umeingia. Mikataba mifupi ndiyo ambayo michango husahaulika.

Nyumba. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo, na kwa mkataba wa siku 84 hilo linakula faida yote. Omba chumba cha watumishi au hosteli. Kisipokuwepo, omba posho ya makazi ilipwe kabla hujaripoti.

Hatua ya 6: Noa hesabu nyumbani

Maarifa ya kumhudumia mgonjwa hayapotei haraka, ila hesabu za dozi hupotea. Chukua daftari na kikokotoo, ufanye mazoezi kila siku mwezi mzima kabla ya kuripoti. Dozi zilizo hapa ni za miongozo inayotumika sana. Wodini fuata cheti cha mgonjwa na mwongozo uliobandikwa pale.

Dripu. Zidisha mililita kwa idadi ya matone kwa mililita iliyoandikwa kwenye pakiti ya seti, gawa kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20: 1,000 × 20 ÷ 480, yaani kama matone 42 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kutosoma pakiti na kudhani seti zote ni za 20. Ya watoto huwa 60.

Atesuneti ya sindano kwa malaria kali, ugonjwa utakaouona kila wiki katika mikoa hii. Aliye chini ya kilo 20 hupata miligramu 3 kwa kilo. Kilo 20 na zaidi, 2.4 kwa kilo. Dozi ni saa 0, 12 na 24. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho, kisha kwa kupitisha kwenye mshipa huongezwa mililita 5 za salaini au glukosi ya asilimia 5, upate miligramu 10 kwa mililita. Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 tu, upate 20 kwa mililita. Mtoto wa kilo 12: miligramu 36, yaani mililita 3.6 kwenye mshipa au 1.8 kwenye msuli. Panapoharibika ni pawili: mtu anatumia maji ya sindano badala ya vimiminika hivyo, au anachanganya mchanganyiko wa mshipa na hesabu ya msuli. Dawa ikishayeyushwa itumike ndani ya saa moja. Usiiweke kwa ajili ya zamu inayofuata. Soma boksi pia, kwa kuwa baadhi ya bidhaa huja na kiyeyushi tofauti.

Magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia kwa njia inayotumia msuli ni gramu 4 kwenye mshipa polepole, kisha gramu 5 kila tako. Ampuli ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5. Kupata gramu 4 za asilimia 20, vuta mililita 8 na uongeze maji ya sindano mililita 12. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, tako kwa kubadilishana. Kabla ya kila dozi hakikisha mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, usitoe, mwite daktari. Kalisiamu glukoneti gramu 1 iwe kitandani, si kabatini kwa mfamasia aliyekwenda nyumbani na ufunguo.

Damu baada ya kujifungua. Oksitosini uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Asidi ya traneksamiki gramu 1 polepole kwenye mshipa kama anavuja, ndani ya saa 3, maana baada ya hapo haina faida. Oksitosini hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la pwani hii, ampuli iliyolala wiki nzima kwenye trei ya leba inaweza kuwa imepoteza nguvu. Ukiona mfuko wa uzazi haukazi licha ya dawa, jiulize dawa ilikaa wapi.

Hatua ya 7: Yaliyobadilika ukiwa nje

Uliyeondoka kabla ya 2019 ulizoea TLE, mseto wenye efavirenz, kwa wenye VVU. Sasa mstari wa kwanza ni dawa yenye dolutegravir, TLD. Uliyeondoka kabla ya 2014 utakuta chanjo ya surua na rubela kwa pamoja, miezi 9 na miezi 18. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza 2018 kwa dozi mbili na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana, kwa hiyo mama akikuuliza dozi ya pili ya bintiye usimpangie tarehe kwa mazoea.

Patografu, chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, iulizie siku ya kwanza. Ya zamani huanza kuchorwa njia ikifunguka sentimita 4. Mwongozo wa leba wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 huanza sentimita 5 na hauna ule mstari wa tahadhari. Ukichora mmoja kwa akili ya mwingine, mama atapelekwa rufaa mapema bila sababu au atachelewa.

Na vitabu. MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya, bado ipo, kitabu namba 12 cha leba kikiwemo, lakini hospitali nyingi za serikali sasa zinaandikisha pia kwenye mfumo wa kompyuta wa GoT-HoMIS. Omba nywila yako mwenyewe. Kuingia kwa jina la mwenzako maana yake makosa yako yanaandikwa kwake, na yake kwako.

Hatua ya 8: Safari na msimu

Mvua huku ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa na magari yakalala njiani. Anayeripoti kazini kutoka Dar miezi hiyo asafiri siku mbili kabla. Anayekwenda Liwale aulize hali ya njia Nachingwea kwanza.

Newala na Tandahimba ziko juu ya uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida. Ulizia kama nyumba ina tangi kabla hujauliza kama ina umeme. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza, hela huzunguka na vyumba huadimika, hivyo tafuta chumba Agosti. Katikati ya mwaka mikorosho hupulizwa salfa, vumbi ambalo hukera macho na kifua. Mwenye pumu achukue dawa yake ya kuvuta.

Hatua ya 9: Wiki mbili za kwanza

Fika dakika thelathini kabla ya zamu. Kabla ya kupokea wagonjwa, gusa vitu vitano: kifaa cha kumpulizia mtoto mchanga hewa (kibonyeze ukiziba mdomo wake, kisipokaza ni kibovu), mtungi wa oksijeni na ufunguo wake, mashine ya kufyonza, sanduku la dharura, na simu ya daktari wa zamu. Kagua tena kila zamu. Vitu vya wodi huhama.

Makabidhiano yafanyike kitandani kwa mgonjwa, mkiwa na cheti mkononi, si dawatini. Dozi yoyote ya mtoto au ya dawa kali ihesabiwe na wawili, kila mtu peke yake, halafu mlinganishe majibu. Mgeni mwenye aibu ya kuuliza ni hatari kuliko mwanafunzi.

Kwa wazee wa vijijini, "Shikamoo bibi" na muda mfupi wa kusikiliza hufungua historia ya ugonjwa kuliko maswali ya haraka. Wengine wana raha zaidi kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Mtafute mhudumu anayeijua lugha, usimtumie mjukuu wa miaka tisa kutafsiri habari za uzazi wa bibi yake.

Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa zamu hiyohiyo, uanze dawa kinga ya VVU mapema iwezekanavyo. Saa 72 ni ukomo, si muda wa kufikiri. Na kwa kuwa wewe ni wa mkataba, hakikisha tukio limeandikwa, kwani bila maandishi hakuna fidia ya kuumia kazini.

Hatua ya 10: Kuondoka

Wiki mbili kabla ya mwisho, mwombe mfawidhi barua yenye tarehe ulizofanya kazi, wodi, na ujuzi aliouona. Barua ya "alikuwa na nidhamu nzuri" haikusaidii kitu. Aandike kwamba uliongoza zamu za usiku wodi ya watoto yenye vitanda kadhaa, au ulizalisha akina mama wangapi. Weka daftari lako la taratibu ulizofanya, bila majina ya wagonjwa, likisainiwa kila mwezi. Cheti cha utumishi ni haki yako kisheria.

Dai nauli ya kurudi kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Malipo yakikwama, madai ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, na yale ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Siku hizo huisha upesi kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye kituo kingine, akisubiri simu ya mhasibu wa kituo cha kwanza.